Watu wa skrapu, redio za gari msizipasue

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo, nina dukuduku limenikaa mwezi mzima na nyumbani washachoka kunisikiliza. Ni habari ya redio za gari za zamani, zile za nobu mbili na vitufe vya kubonyeza katikati.

Mimi nna Morris Minor nliyoachiwa na marehemu mzee. Redio yake ni Radiomobile, haina FM wala kaseti, mawimbi ya kati na marefu basi, na ilikuwa yaimba vizuri tu. Sasa betri ikafa, nikamwita fundi mmoja wa mtaani anifungie mpya, kijana mzuri hana neno, ila kafunga vile alivyozoea, waya wa hasi kwenye bodi ya gari. Gari nyingi za Kiingereza za wakati ule ni kinyume, chanya ndo inashika bodi, na mimi mwenyewe sikuangalia (kosa langu nalikubali), nikawasha redio, kabla sijasikia sauti nikasikia harufu. Transista inayosukuma spika kwisha.

Fundi wa redio naye akataka kunitilia transista ya kisasa. Nikamwambia ile ya zamani imetengenezwa kwa jamaniamu (germanium), inafunguka kwenye volti 0.2 au 0.3 hivi, ya silikoni yataka kama 0.6, ukiichomeka tu hivyo bila kubadilisha rezista zake sauti itatoka imekatikakatika. Akacheka, "Mzee, si ununue tu redio ya Japani." Haya, hizo za Japani tunazoshushiwa hapo Kilindini, nyingi FM yake yaanzia 76 yaishia 90, na steshoni zetu ni 88 mpaka 108, ndo maana kila mtu yuwafungiwa ekspanda, kile kidude cha kushusha steshoni zetu ziingie kwenye namba za redio. Hiyo ndo ya kisasa!

Nikaanza kuzunguka. Mwembe Tayari hakuna, Kongowea hakuna. Kwa muuza skrapu mmoja nikaambiwa ungekuja jana, maana jana yake walipasua gunia zima la redio za gari kutoa shaba na alumini, na mbele yangu pale chini kuna Blaupunkt imepigwa nyundo mbavuni, kioo cha namba kizima kabisa hakina hata ufa. Wallahi niliumia. Shaba ya redio moja haifiki bei ya chai na mahamri, lakini ndani yake mna transista, mna koili, mna transfoma, vitu ambavyo hakuna duka hapa utaenda ukute.

Na nyingi ya hizo redio wala hazijafa. Chumvi ya hapa kwetu na unyevu vyala swichi na volyumu, ukizungusha yakwaruza kama mtu asugua sufuria, ukisafisha yarudi. Kapasita zile za umbo la kikopo hukauka kwa miaka, na hizo ndo rahisi, mpya zauzwa kila duka la spea za elektroniki. Ila usiwe na haraka ya kuwasha: angalia kwanza bodi yashika chanya au hasi, funga spika (transista ya mwisho yaweza kuungua ukiwasha bila spika), halafu pitisha umeme kwenye balbu ya breki ya wati 21, ikiwaka kwa nguvu ikabaki hivyo jua kuna shoti ndani, zima.

Mwishowe nikavuka feri, Likoni nikapata redio nyingine mfu, si ya aina yangu hata, lakini transista yenyewe namba ni ileile. Nikaing'oa na kile kikaratasi chake cha maika cha kuzuia umeme, cha chini, nikaifunga, yaimba. Tuktuk ikipita karibu yapiga kelele kama mahindi kwenye kikaango, lakini yaimba.

Basi ombi langu kwa watu wa skrapu, redio ya gari ikiingia iwekeni pembeni msiipige nyundo, sisi tutailipa zaidi ya bei ya kilo. Na nyinyi wenye gari za wazee zimelala uani, fungueni hizo dashibodi muone kilichomo. Mimi kwa sasa natafuta nobu moja ya kushoto ya Radiomobile, hata ikiwa na ufa naichukua, maana volyumu naizungusha na koleo.

Mwenye Morris,
Majengo, Mombasa