Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania: tuchoreeni njia za vimbunga

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Naomba mamlaka yako itoe ramani ya ukutani ya njia za vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, ibandikwe shuleni, madikoni na kwenye ofisi za vijiji vya pwani. Takwimu zipo. Kanzidata ya kimataifa ya IBTrACS inapatikana bure, na inaonyesha kila kimbunga kilichorekodiwa kilipopita na, kwa vingi, kasi ya upepo wake. Kazi iliyobaki ni ya uchoraji, na hapo ndipo penye mtego.

Ukiimwaga mistari yote kwenye karatasi moja, Madagaska na Msumbiji zitafunikwa kama kapu la ukili lililofumuka, na pwani yetu itabaki karibu nyeupe. Mvuvi wa Kilwa ataitazama na kusema: kumbe huku havifiki. Ni kweli, ni nadra; tuko jirani na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauupi upepo msukumo wa kutosha kujiviringisha. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu za Sultani Barghash. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1952, kingine kikaipiga Lindi. Ningeanza na hivyo viwili. Vichorwe kwa nukta nukta, maana setilaiti hazikuwapo na njia zao baharini ni za kukisia, ila wino uwe mzito. Hata pembeni iandikwe wazi kwamba zamani mistari ni michache kwa sababu waangalizi walikuwa wachache.

Rangi ionyeshe kasi ya upepo (nyekundu na kijani zisitumike pamoja, wapo wasiozitofautisha). Mishale nayo ni lazima: Idai, Machi 2019, kiliingia Msumbiji, kikarudi baharini, kisha kikaja tena kuipiga Beira. Bila mishale ule ni uzi uliojisokota tu.

Kinachonisumbua zaidi ni Hidaya. Kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikaishiwa nguvu, kwa hiyo rangi yake itafifia hapo na msomaji atadhani mambo yaliishia hapo. Mvua zake ndizo zilizokata barabara ya Dar es Salaam–Lindi pale Somanga. Mvua ipewe alama yake, hata kama ni kivuli cha buluu nyuma ya mstari.

Wako,
Mkazi wa pwani ya kusini