Mnara ukizimika, simu zihamie mtandao jirani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi mawakala wa pesa za simu hapa Kasese tunalifahamu vizuri kila mvua kubwa inaponyesha milimani.

Msimu wa mvua uliopita umeme ulikatika jioni, na ilipofika saa nne usiku mnara unaotuhudumia ulinyamaza, kwa kuwa betri zake zilikwisha na barabara ya kupelekea dizeli ya jenereta ilikuwa imejaa tope. Mama mmoja alisimama mbele ya kibanda changu, simu yake ya tochi mkononi, akitaka kutoa shilingi elfu hamsini za kukodi gari la kumpeleka hospitali binti yake aliyeshikwa na uchungu. Yeye alikuwa na salio, nami nilikuwa na fedha kwenye droo, lakini muamala haukupita. Simu ya jirani yangu, yenye laini ya kampuni nyingine, ilikuwa na mtandao kamili. Nilimpa yule mama fedha kwa kuaminiana, akazirudisha kesho yake; je, angekuwa mgeni nisiyemjua?

Wataalamu wameshalifikiria jambo hili. Viwango vya 5G, yaani kizazi cha tano cha mitandao ya simu, vilivyokamilishwa mwaka 2022 vina utaratibu unaoiruhusu simu ambayo mtandao wake umeanguka kwa sababu ya janga ihudumiwe kwa muda na mtandao jirani. Mwongozo wa 6G, kizazi kitakachofuata, ulioidhinishwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano mwezi Novemba 2023 nao unataja usalama na ustahimilivu miongoni mwa misingi yake. Hapa Uganda 5G ilizinduliwa mwaka 2023, na matangazo yote niliyoyasikia yalisifu kasi.

Kuhamia kwa jirani, hata hivyo, kunatosha pale tu mnara unapozimika huku mitambo mikuu ya kampuni, ile inayowatambua wateja na kuunganisha simu zao, ikiendelea kufanya kazi. Tarehe 8 Julai 2022 mitambo mikuu ya kampuni ya Rogers nchini Kanada ilianguka kutokana na kosa lililofanywa wakati wa kubadilisha mipangilio, na wateja zaidi ya milioni 12 wakakosa huduma. Minara yake iliendelea kurusha mawimbi, kwa hiyo simu nyingi ziling'ang'ania mtandao uliokufa, na watu wengi wakashindwa hata kupiga namba ya dharura kupitia kampuni nyingine. Ndiyo maana mitambo mikuu inapaswa kuwa mahali pawili pasipotegemea umeme mmoja wala njia moja ya mkongo wa mawasiliano, na mnara uliopoteza mawasiliano na mitambo hiyo unapaswa kuacha kurusha mawimbi ili simu zitafute pengine.

Ninaiomba Tume ya Mawasiliano ya Uganda iyaweke mambo haya katika masharti ya leseni, pamoja na idadi ya saa ambazo kila mnara lazima ujiendeshe bila umeme wa gridi, na saa hizo ziwe nyingi zaidi kwa minara ya milimani ambako gari la dizeli huchelewa. Makampuni yatasema kwamba mtandao jirani utalemewa. Hoja hiyo ni ya kweli, na kwa sababu hiyo simu zilizohamia zipewe kwanza sauti, ujumbe mfupi na miamala ya fedha, video zisubiri. Zaidi ya yote, mpango huo usiishie kwenye 5G, bali ushuke hadi 2G, kizazi cha pili, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na simu kama ile ya yule mama.

Wakala wa pesa za simu,
Kasese