Sinema niliyoisikia kabla ya kuiona

Chikongola, Mtwara
Novemba 9

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, watoto wazima, na korosho tunaendelea kuokota. Mzigo wako niliupokea Jumanne kwa dereva wa basi, na flashi niliikuta ndani ya soksi kama ulivyoniambia. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukujibu mbiombio. Swali lako nimelala nalo na nimeamka nalo.

Unasema kazini kwenu mlibishana, wanaume wakashikilia kuwa sinema za zamani ni zao, zile za farasi na bunduki, na kwamba sisi wanawake kwenye sinema tunatafuta mapenzi na kilio tu. Ukaona uniulize mimi kwa kuwa unajua nilikulia mlangoni mwa banda la video. Nami nakujibu baada ya kuziangalia mbili kati ya ulizonitumia, nikiwa na watu wa nyumbani, usiku wa Jumamosi na wa Jumapili.

Kwanza nikukumbushe lile banda la nyuma ya soko. Bibi alikuwa akikaanga karanga, mimi nakaa nje na sinia, nauza vikaratasi vya karanga. Kuingia ndani haikuwezekana. Msichana akionekana anatoka banda la video, kabla hajafika nyumbani habari imeshafika, na jina lake limeharibika. Kwa hiyo mimi sinema nilizijua kwa masikio. Mwenye banda alikuwa ametundika spika nje ili kuita wateja, na sauti yote ilikuwa yangu. Sauti ya Lufufu niliijua kabla sijajua kwamba kazi yake ni kuzitafsiri zile kanda kwa Kiswahili. Nilidhani ndiye steringi mwenyewe. Na kanda ikiwa haijatafsiriwa, kijana mmoja wa mtaani alishika maiki akaeleza papo hapo, mengine akiyasoma kwenye maandishi ya chini, mengine, nadhani, akiyatunga.

Ndivyo nilivyoijua Sholay, ile sinema ya Kihindi ya majambazi. Nilisikia farasi, nilisikia risasi, nilisikia Gabbar Singh, mkuu wa majambazi, anawauliza watu wake maadui walikuwa wangapi, na banda zima linajibu kabla yao. Halafu kulikuwa na mahali ambapo yule kijana alisema, na niliisikia hii zaidi ya mara moja kwa sababu kanda ilirudiwa sana: "Hapa mjane anazima taa, hamna kitu, tusonge mbele." Kisha kanda inapelekwa mbele, krrrr, mpaka ngumi zinaanza tena.

Somo, niliondoka pale na mjane wangu kichwani. Mjane gani? Taa gani? Kwa nini azime taa kwenye sinema ya majambazi? Nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, nimezaa, na sikuwahi kupata jibu mpaka flashi yako ilipofika.

Kitu kingine nilichokisikia nikiwa nje ni ukimya. Siku Jai, mmoja wa masteringi wawili wa Sholay, anakufa, banda lilinyamaza kama hamna mtu ndani. Wavulana zaidi ya hamsini, na kikohozi hakikusikika. Akatoka mmoja, mkubwa kwetu, yule aliyekuwa akitisha watoto wote pale sokoni, akaja kununua karanga na macho yamemwiva. Akaniambia ni moshi wa sigara. Nikampa karanga zake. Kwa hiyo mtu akiniambia kilio kwenye sinema ni cha wanawake, mimi namkumbuka yule.

Sasa Jumamosi. Runinga tuliitoa barazani kwa sababu ndani kuna joto. Kina mama tulikuwa na kazi ya kubangua korosho, mikono imepakwa majivu ili mafuta ya maganda yasituunguze. Alikuwapo mama mkwe, wifi, na shangazi yake baba watoto, yule aliyefiwa na mumewe mwaka juzi. Wanaume walikuwa baba watoto, shemeji, na mzee jirani aliyekuja na kiti chake. Sinema yenyewe ni ya mwaka 1975 na ina zaidi ya saa tatu. Haina tafsiri ya Kiswahili, ila maandishi ya Kiingereza yanapita chini, basi wakaniambia mwalimu ni wewe, tusomee. Nikaacha korosho, nikawa mtafsiri.

Na mjane akatokea. Anaitwa Radha, ni mkwe wa Thakur, yule mzee ambaye familia yake iliuawa na Gabbar. Kila usiku anapita kwenye baraza ya juu na sari yake nyeupe, anazima taa moja baada ya nyingine, na kule chini Jai amekaa kwenye ngazi anapuliza kinanda cha mdomo. Hawasemezani. Anazima, anapita, anazima, mpaka giza linaingia. Hapo hakuna neno la kutafsiri, nami nikanyamaza.

Shangazi akaniambia, "Rudisha."

Nikarudisha. Akaiangalia tena, korosho mkononi hajaigonga. Baadaye sinema inaonyesha Radha alivyokuwa kabla ya kuolewa, msichana mwenye maneno mengi, anacheka, amejaa rangi za sikukuu yao ya Holi mwili mzima. Shangazi akasema taratibu, "Kumbe alikuwa mcheshi." Thakur alipokwenda kwa baba yake Radha kumwombea aolewe na Jai, shangazi alifurahi kama jambo linatendeka kwetu, akasema huyo mkwe ni mtu. Halafu Jai akafa. Radha anakuja mbio, anasimama. Mwishoni tunamwona anafunga dirisha. Hapo kina mama tulimtazama shangazi, tukidhani atalia. Hakulia. Alisema, "Safari hii hana hata haki ya kukaa eda."

Somo, nimesoma vitabu na nimefundisha vitabu, lakini sijasikia mtu akiifafanua sinema namna ile. Jai hakuwa mumewe. Mbele ya watu hawakuwa na lolote, kwa hiyo msiba si wake. Shangazi alikaa miezi 4 na siku 10 ndani, na nyumba ilijaa watu waliokuja kumpa pole. Radha nani atampa pole?

Aliyelia ni shemeji. Alilia kwenye ile sarafu, pale Veeru, yule steringi wa pili, anapogundua kwamba sarafu ambayo Jai alikuwa akiirusha kila wanapobishana ina sura moja pande zote mbili, na kwamba rafiki yake alichagua kubaki na kufa. Hakujificha, alijifuta kwa shati mbele yetu wote.

Lakini kilichonishtua zaidi ni baba watoto. Sholay ameiona zaidi ya mara kumi, na ananukuu maneno ya Gabbar kwa Kihindi. Akaniuliza, "Hizo taa zilikuwapo tangu zamani?" Alikuwa anauliza kweli. Aliiona kwenye banda lilelile, na yule kijana alikuwa akisogeza kanda mbele. Mume wangu hakuwahi kuzikataa taa za Radha, hakupewa. Halafu leo tunamwambia wanaume hawapendi vitu kama vile.

Nami usinione nimepona hapo. Katikati ya sinema shemeji alinikatiza, "Shemeji, umeruka! Gabbar kasema nini?" Na kweli nilikuwa nimeruka. Kwenye mapigano nilikuwa nasoma neno moja naacha matatu, kwa kuwa hamu yangu ilikuwa kwa mjane. Nimefanya vilevile alivyofanya yule kijana, upande wa pili. Kama shemeji asingesema, kina mama wangeondoka pale bila kumjua Gabbar, na kesho mtu angesema wanawake hawana habari na majambazi.

Ndiyo maana namkumbuka bibi yako wa Unguja na hadithi zake za zanana, yale maonyesho ya wanawake peke yao, jumba zima la sinema limejaa mabuibui, wanalia, wanaimba na nyimbo zote. Wale waliziangalia sinema zilezile za Kihindi walizoangalia waume zao, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia si zao. Sisi huku utotoni mlango huo hatukuwa nao. Jando na unyago vilitufundisha kila mmoja na upande wake, lakini angalau unyagoni sisi wasichana tulikuwa na nyumba yetu. Kwenye sinema tulikuwa na spika ya nje.

Tofauti ipo, sitaki kukudanganya. Basanti, mpenzi wa Veeru, anapocheza juu ya vipande vya chupa ili Veeru asipigwe risasi, nikiwa mtoto nilisikia banda linapiga miluzi. Barazani kwetu wifi aliinuka akaenda jikoni, na mama mkwe alikuwa akiitazama miguu tu, anasema "mwanangu, mwanangu." Shemeji alikuwa akiangalia kamba alizofungiwa Veeru. Woga wao ulikuwa mmoja, macho yakaenda kwingine. Na mzee jirani aligeuza uso, sawasawa na wifi.

Jumapili tukaangalia Mother India, ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Hii nilidhani nitaijua itakavyokwenda. Mama peke yake na watoto, analima matopeni, nikasema kina mama watalia na wanaume watasinzia. Haikuwa hivyo. Sinema inaanza na deni. Mama huyo naye anaitwa Radha, usichanganye, na mama mkwe wake amekopa rupia 500 kwa Sukhilala ili kugharamia harusi, na mkataba hawawezi kuusoma. Wazee wa kijiji wanaamua mkopeshaji achukue robo tatu ya mazao, na hiyo ni riba tu, deni lenyewe liko palepale. Nilipomaliza kuisoma hiyo, mzee jirani alipiga goti lake, "Kangomba!"

Wewe umekaa mjini siku nyingi lakini kangomba hujaisahau. Mtu ana shida ya ada au ya mgonjwa, mikorosho ndiyo kwanza ina maua, anakuja mwenye fedha anamnunulia kwa bakuli, kwa bei ya chozi. Msimu ukifika unaokota korosho za mwenzio kwenye shamba lako. Baba watoto na mzee walizungumza hapo mpaka nikalazimika kuisimamisha sinema. Na aliyeumia kuliko wote ni shangazi, ambaye mimi nilimwandalia kulia kwenye umama. Alitutolea dole gumba lake la kulia, lina majivu, akasema, "Hiki nami nilikichovya kwenye wino, karatasi sikuijua inasema nini." Mikorosho yake 12 ilikwenda hivyo. Nimekaa kwenye familia hii miaka yote na sikuwahi kuambiwa.

Mwisho wake unaujua. Birju, mtoto aliyependwa, anageuka jambazi, anamteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake, na Radha, anayechezwa na Nargis, anamwelekezea bunduki mwanawe mwenyewe. Anampiga. Halafu anamkumbatia. Mzee jirani alivua kofia akaishika mapajani. Wenye kubishana walikuwa wanawake. Mama mkwe alisema yeye angemficha mwanawe uvunguni na dunia iseme itakavyo. Shangazi akasema angefyatua, kwa sababu yule binti naye ana mama. Walibishana mpaka saa sita usiku, watu wawili wa jinsia moja, nyumba moja, umri mmoja. Waambie wenzako wa kazini wanieleze kati ya hao wawili mwanamke ni yupi.

Casablanca niliiangalia na baba watoto peke yetu, siku nyingine, na hapo ndipo tulipotofautiana kama mume na mke kweli. Yeye aliipenda sana, kwa jinsi Rick anavyomwacha mpenzi wake Ilsa apande ndege na mumewe. Mimi nilikwama pale Ilsa anapomwambia Rick afikiri kwa niaba yao wote. Baba watoto anaona ni kuaminiana. Mimi nilitaka pale uwanja wa ndege mtu amwulize huyo mwanamke anataka nini. Ingrid Bergman mwenyewe, aliyemcheza Ilsa, alisimulia baadaye kwamba wakati wa kupiga picha hakuwa anajua ataishia kwa mwanamume yupi, na mimi nikimtazama uso nauona ule wasiwasi. Hatujamaliza kubishana. Jana akinywa chai ameianzisha tena.

Basi, jibu langu ndilo hilo, lipeleke kama lilivyo. Shangazi anaomba umtafutie Awaara ya Raj Kapoor na Nargis, ya mwaka 1951, alizisikia nyimbo zake redioni akiwa msichana na picha yake hajaiona. Jumamosi ijayo shemeji analeta wenzake wa kijiwe cha bodaboda kuangalia Sholay, na ameniomba nitafsiri mimi, kila neno la Gabbar, na nisiguse rimoti kwenye taa. Nitawapikia ming'oko.

Korosho zako kilo 3, tulizobangua usiku ule, nimempa dereva yuleyule, atafika kesho alfajiri. Msalimie mama na watoto.

Ni mimi, somo yako.