Filimbi ya birika

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mwili wangu mzima, hofu ni kwako tu. Miezi minane sijapata hata neno moja kutoka kwako. Najua hesabu zinakubana huko ulikohamia, wala sikulaumu. Leo nimeshika kalamu kwa ajili ya Baba Neema, mwenzetu wa kikosi cha zimamoto, na kuna jambo nataka unisaidie.

Alhamisi usiku tulikuwa zamu. Kijana mmoja akabandika birika, lile jipya lenye filimbi. Baba Neema alikuwa ameketi anapiga rangi viatu. Maji yalipochemka, filimbi ikalia, nami nikamwona mkono wake ukipanda begani kupapasa mkanda wa mtungi wa hewa wakati hakuvaa mtungi, kisha ukashuka kifuani kutafuta geji. Akainuka, akatoka peku. Nilimkuta nyuma ya gari la maji, ameshikilia gurudumu, anahema. "Izimeni hiyo," akasema. Hakuongeza neno.

Inalia kama ile ya mtungi, nawe unaijua filimbi hiyo. Hewa imebaki kidogo, geuka utoke. Siku ile ilimlilia akiwa ghorofa ya tatu, na mlango mmoja bado haujafunguliwa. Akageuka kama tulivyofundishwa sote. Ya nyuma ya mlango siandiki, ulikuwepo.

Mwezi uliopita alijikaza akaenda kuomba rufaa ya matibabu. Akajibiwa kwamba kasma ya matibabu, lile fungu la bajeti, ni ya majeraha ya kazini, na yeye jeraha halionekani, kwa hiyo alete uthibitisho kwamba hali yake imeletwa na kazi. Uthibitisho aupate wapi, ndugu yangu? Autoe kwenye ndoto zake? Wiki hiyohiyo pampu ya gari la pili iliharibika. Kesho yake fundi alikuwa ameshafika na fedha imeshatoka. Pampu lazima itengenezwe, hilo sibishani nalo. Ila aliyeishika pampu hiyo miaka kumi na minne naye ana haki ya kutengenezewa.

Nimekuwa nikisoma usiku, maana usingizi wenyewe unakuja ukitaka. Kule Ontario, Kanada, tangu mwaka 2016 sheria imegeuza mzigo huu: daktari akishathibitisha kwamba zimamoto ana maradhi ya kiwewe, inachukuliwa kuwa yametokana na kazi, na anayepinga ndiye alete ushahidi. New York walipoteza zimamoto 343 siku moja, Septemba 11, 2001. Waliobaki hawakuachiwa wajitibu kwa mishahara yao. Sheria iliyosainiwa Januari 2011 iliweka fedha za serikali kwa matibabu yao, ya mapafu na ya akili pia, na mwaka 2015 mpango ukaongezwa hadi 2090. Hebu fikiria, 2090! Waliopanga hivyo walielewa kwamba moto unaweza kuzimika leo na mtu akaendelea kuungua miaka arobaini.

Sisi tulipata nini? Unakumbuka tulivyokusanywa ukumbini siku ya pili, tukaambiwa kila mmoja aeleze alichokiona, saa moja na nusu, basi, tukarudi zamu. Baba Neema alisema "niko sawa" na jina lake likawekewa alama. Shirika la Afya Duniani limeshaelekeza tangu 2013 kwamba vikao vya namna hiyo visitumike kuzuia kiwewe. Nilikasirika nilipoisoma, kwa sababu kikao kile ndicho kinachoandikwa kwenye taarifa kila mwaka kama huduma tuliyopewa.

Sasa ombi langu. Mkuu anapeleka makadirio ya bajeti mwisho wa mwezi. Ushauri nasaha umefichwa ndani ya "mafunzo na mengineyo", na mwaka ukibana ndiyo huanza kukatwa. Nataka uwe na kasma yake peke yake, isiyohamishwa. Wewe lugha ya makadirio unaijua, mimi nitaandika kwa hasira na watalitupa. Tiba yenyewe si bahari isiyo na mwisho. Mwongozo wa Uingereza wa tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe unataja vikao 8 hadi 12 kwa kawaida, vikiongezwa kwa anayehitaji. Hilo linahesabika. Weka na siku za kupumzika zenye malipo. Na mtaalamu awe wa nje, asiyeripoti kwa mkuu yeyote, kwa sababu vijana wanaogopa kushushwa kwenye gari siku watakapofungua mdomo. Hili la siri usiliache, hata wakikuambia la fedha linatosha. Fedha bila siri itakaa hapo mwaka mzima, hatokei hata mmoja kuiomba.

Nimemwambia Baba Neema kwamba nakuandikia. Alinyamaza, halafu akauliza, "Yeye analala?"

Swali hilo halijanitoka. Ulipoondoka ulituambia ni goti. Tuliamini, tukakupigia makofi, tukakupa ile saa. Lakini siku zako za mwisho ulikuwa hupandi ngazi za kituo, ulikuwa unazungukia nyuma. Lilikuwa goti kweli? Birika la kwenu lina filimbi? Shemeji anajua ya ghorofa ya tatu, au hata yeye ulimwambia goti? Na ile kasma, utaniandikia kabla ya tarehe ishirini na tano? Ukishindwa kuandika, piga tu. Usiku wowote, niko macho.

Wako wa zamu B