Uchaguzi wa wawakilishi wa timu

Ndugu wachezaji, kila timu ichague mwakilishi na naibu kabla ligi haijaanza. Kura ni ya siri, kwa karatasi. Kocha na meneja wa timu watoke kwanza. Mkinyoosha mikono mbele yao, chipukizi watamfuata nahodha, ambaye ndiye anayebanwa zaidi na uongozi wa klabu. Anayemaliza mkataba katikati ya msimu msimchague: akihama, mnabaki bila msemaji.

Mwakilishi akijue vizuri kifungu cha 14bis cha kanuni za uhamisho za FIFA: klabu ikidaiwa mishahara ya miezi miwili, mchezaji huiandikia notisi ya kuidai, akiipa angalau siku 15 za kulipa, kabla ya kuvunja mkataba. Wengi huondoka kambini bila barua hiyo, na kesi nzuri inaharibika.

Karatasi ya matokeo ikishasainiwa, tumeni picha yake hapa.