Mashine ya mtumba imenishinda

Kwako Rashidi,

Habari za siku nyingi? Sisi wazima, hofu ni kwenu. Najua nimekaa kimya tangu harusi ya Salma na ukitaka kuninunia una haki, ila nunia barua ijayo. Hii nina shida.

Nimenunua kompyuta mpakato ya mtumba. Aliyeniuzia aliapa kwamba haina kasoro. RAM ni GB 4, prosesa ni Intel Core i5 ya kizazi cha 3, diski ni ile ya zamani inayozunguka, na imeshapigwa Windows 10. Nikiiwasha naenda kuoga, nikirudi nakuta kiduara bado kinazunguka. Shemeji anasema nimenunua feni yenye kioo.

Uzito ningeuvumilia. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ukiondoa ile nyongeza ya muda kwa wanaojiandikisha. Nikasema basi nipige 11. Ikanigomea: inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Hemedi alipitia uchochoroni akaipiga hivyo hivyo kwenye yake, lakini umeiona ile mashine ya Hemedi inavyohema? Kwa GB 4 zangu ningekuwa nimebadilisha kiduara kwa kiduara.

Ndipo nikakukumbuka wewe na Linux yako, ule mfumo wa bure tuliokuwa tukikucheka nao. Haya, zamu yako kucheka. Nimepakua Linux iitwayo Mint, ile nyepesi ya Xfce, nikaiweka kwenye flashi, nikawashia humo humo bila kugusa diski. Ikawaka! Sauti ipo, kamera ipo, hata vile vitufe vya mwanga wa kioo vinafanya kazi. Waifai ndiyo haipo. Kadi ni Broadcom, na draiva yake inatakiwa ishushwe kutoka intaneti. Sasa bila waifai intaneti naitoa wapi? Salma kasema niunganishe simu kwa waya wa USB ili intaneti ipitie huko. Nikajaribu, kumbe waya wangu ni wa kuchajia tu, data haupitishi. Tundu la waya wa mtandao nalo limevunjika, ndiyo mtumba huo.

Halafu kuna kituko nikusimulie. Kila nikichomoa umeme, saa ilikuwa inarudi nyuma miaka mingi, na tovuti zote zinakataa kufunguka, eti cheti cha usalama hakijaanza kutumika. Nikailaani Windows siku mbili nzima. Kumbe betri kubwa ilishakufa, na ile ndogo ya saa iliyo kwenye ubao mama nayo imekwisha. Nimeweka mpya, kimya. Basi tangu hapo siamini tena kwamba kila kosa ni la mfumo.

Na hapo ndipo kichwa kinaponiuma, Rashidi. Nilipofungua kifuniko usiku ule niliisikia diski inakwaruza kama panya darini. Yawezekana nahangaika kutafuta mfumo mwepesi wakati mzigo wote uko pale? Halafu kivinjari ni kile kile popote: fungua kurasa kumi, GB 4 zimekwenda, iwe Windows iwe Mint. Ile Linux nyingine, antiX, uliyomwekea mjomba nasikia inaridhika na RAM kidogo zaidi, lakini mimi na zile menyu zake... Mint angalau mtoto aliikalia dakika tano akaanza kuchora.

Sasa niambie. Ile SSD ya inchi 2.5, diski ya kasi isiyozunguka, uliyoichomoa kwenye mashine yako bado iko kwenye droo? Kiunganishi chake ni SATA, au nachanganya? Nikiipata, niipige Mint hapo na diski ya zamani niiweke pembeni na Windows yake, nikishindwa niirudishe? Au nianze na kuongeza RAM? Kadi ya waifai ya kwako ilikuwa Broadcom pia, uliipatia wapi dawa? Na kweli hujafunga safari ya huku mwaka huu?

Nisalimie mama watoto.

Wako,
Idi

N.B. Kama SSD ipo, funga pamoja na waya wa simu unaopitisha data. Nitarudisha. Ile bisibisi yako pia bado ninayo, sijaisahau.