Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: lebo ya 18 haikumzuia mwanangu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, hii ni barua yangu ya tatu kwako. Mbili za kwanza nilizileta ofisini kwako kwa utaratibu uliowekwa, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na tangu siku hiyo sijajibiwa hata kwa mstari mmoja. Hii nimeona niiandike mbele ya watu, labda itafika upesi zaidi.

Jumamosi iliyopita mwanangu, mwenye umri wa miaka 11, alirudi nyumbani na mchezo wa video ambao kasha lake limeandikwa 18 kwa tarakimu kubwa nyekundu. Aliununua mwenyewe, kwa akiba yake, mchana kweupe. Nilipolirudisha kasha dukani, muuzaji alinieleza kwa upole kwamba lebo ile ni ushauri kwa wazazi, si amri kwa mfanyabiashara, na kwamba siku sheria itakapotungwa ataifuata. Nilitaka kumfokea, lakini alikuwa amesema kweli. Sheria hiyo ndiyo uliyotuahidi sisi wazazi, Mheshimiwa, miaka miwili iliyopita, ukasema mswada ungefika bungeni kabla ya mwaka kwisha. Hukutaja ni mwaka gani, nasi kwa ujinga wetu hatukuuliza.

Mchezo wenyewe niliucheza kwa nusu saa ili nisiseme nisichokijua. Humo mchezaji huongezewa alama kwa kumtesa mateka aliyefungwa kitini, na picha husogezwa karibu asije akakosa kuona. Sisemi kwamba mchezo humgeuza mtoto kuwa mwuaji. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana juu ya hilo. Nasema tu kwamba mwanangu sasa hulala taa ikiwaka, na mimi, ninayefanya kazi zamu za usiku na kumlea peke yangu, sipo pale anaposhtuka usingizini. Nikiambiwa tena kwamba jukumu la kwanza ni la mzazi, nitajibu kwamba nalijua, nimelibeba miaka 11. Lakini mbona kwa pombe na sigara hatumwachii mzazi peke yake, bali tunamkataza na muuzaji?

Nasikia washauri wako wanasitasita kwa sababu ya yaliyotokea California. Jimbo hilo lilitunga sheria mwaka 2005, yenye faini ya hadi dola 1,000 kwa anayemwuzia mtoto mchezo wa kikatili, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ikaibatilisha kwa kura 7 dhidi ya 2. Ni kweli, ila hukumu ile ilisimama juu ya kifungu cha katiba yao kinacholinda uhuru wa kusema, nasi hatuongozwi na katiba ya Marekani. Kwa nini washauri hao hawakutajii Ujerumani, ambako tangu mwaka 2003 lebo ya umri ina nguvu ya sheria, au Uingereza, ambako tangu Julai 2012 kumwuzia mtoto mchezo wenye alama ya 12, 16 au 18 ya PEGI, mfumo wa Ulaya wa lebo za umri, inayozidi umri wake ni kosa la jinai? Pengine wenye maduka walikufikia kabla yetu. Sina ushahidi, nakisia tu, kwa kuwa ukimya hukaribisha kukisia.

Na hata huko Marekani kuna somo. Serikali yao iliwatuma watoto madukani kujaribu kununua michezo iliyowekewa lebo ya miaka 17 na zaidi. Mwaka 2000 asilimia 85 yao waliuziwa. Katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 waliouziwa walikuwa asilimia 13. Wauzaji walibadilika bila sheria, kwa sababu walijua kwamba kuna anayewatazama na kutangaza alichokiona. Hapa kwetu hatuna sheria wala mtazamaji.

Utaniambia pia kwamba watoto wa siku hizi hawapiti dukani, wanapakua. Nalo nalijua. Duka la mtandaoni lilimwuliza mwanangu mwaka wake wa kuzaliwa, akajaza 1900, na mashine ikamkaribisha kwa adabu mzee huyo aliyepita miaka mia. Sheria itakayomgusa mwenye kaunta ikamwacha mwenye mtandao itakuwa imefunga dirisha na kuuacha mlango wazi.

Kwa hiyo siombi tume, wala semina ya uhamasishaji, wala bango lenye picha yako. Mwanzoni nilikuwa na madai sita. Nimeyapunguza hadi moja. Muuzaji athibitishe umri wa mnunuzi kabla ya kupokea fedha, awe dukani au mtandaoni, na asipofanya hivyo aadhibiwe. Kabla ya kupokea fedha, Mheshimiwa, si baada ya mzazi kurudi analalamika.

Kasha lile bado ninalo, kwa kuwa muuzaji amekataa kulipokea akidai limekwisha kufunguliwa. Jumatatu asubuhi, nikitoka zamu, nitalileta ofisini kwako pamoja na nakala ya barua hii, na nitaomba vyote viwili vigongwe muhuri.

Wako mtiifu, hadi hapo,
Mzazi